Siku ya Tatu Kisiwani

Januari 9

Dada mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo haukusumbui na cherehani haijakugeuza kibyongo. Mimi sijambo. Jua limenikaanga mpaka usiku nikifumba mdomo watu hawanioni, lakini nakula, nalala, nacheka.

Nakuandikia kwa ombi. Mwaka wa sita huu naokoa watoto wa watu kwenye ufuko huu, na watoto wa dada yangu hawajautia mguu. Hiyo ni haki kweli? Likizo ya Aprili njooni. Meneja amenikubalia niwape kile chumba cha nyuma ya stoo ya majaketi ya kuokolea. Kina vitanda viwili na feni inayolalamika usiku kucha kama mama mkwe.

Maji msiyaogope. Huu ni ufuko wa watoto. Mwamba umeuzunguka kama ukuta, mawimbi yanavunjikia kule nje, huku ndani kumetulia kama kwenye beseni. Unatembea hatua mia na bado maji yako magotini. Bonge, na kitambi chake cha miaka mitatu, ataketi humo kama mwenyekiti. Chiriku naye atapata watu wapya wa kuwachosha kwa maswali; mtoto wa miaka tisa anayeongea vile hafai kukaa na watu walewale mwaka mzima. Kuna bwawa la kasa, unawalisha majani kwa mkono wako. Kuna boti yenye sakafu ya kioo. Kuna mnara wa taa wenye ngazi mia na kumi na mbili, nimezihesabu kwa magoti haya. Kuna pango ambalo ukiita linakuitikia mara tatu.

Na shemeji uje naye. Najua shule haina mwalimu mwingine wa michezo, lakini kila Jumamosi tuna mechi ya mchangani, wageni na wafanyakazi. Mwambie Kocha kwamba kipa wetu ni mpishi.

Nijibu haraka kabla sijawapa wengine chumba.

Mdogo wako


Januari 30

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku hatujambo sote. Mgongo ni uleule, cherehani ndiyo imeanza kupiga kelele. Na wewe unakula kweli, au unakula maneno?

Barua yako nimewasomea watoto mara nne. Chiriku anauliza kama kasa wana meno, na kama hawana wanatafunaje. Bonge kila akiona beseni anaingia na viatu.

Kocha amekubali. Nilimpa barua siku timu yake iliposhinda, maana siku za kumwomba jambo nimeshajua kuzichagua. Alicheka. Alisema mpishi wenu aandae bandeji.

Nimejishonea vazi la kuogelea la mikono mirefu. Usinicheke. Ngozi yangu siku hizi haipatani na jua.

Kuna jambo moja nakuomba, na uniahidi. Usimtanie Kocha mbele za watu. Ulimi wako naujua. Akikosea njia, mwache akosee. Akishindwa mchezo, msifu. Ni mtu mzuri, mji mzima unampenda, wanafunzi aliowafundisha zamani wanavuka barabara kuja kumpa mkono. Ila hapendi kuchekwa.

Dada yako


Februari 15

Dada mpenzi,

Shikamoo. Huku salama, joto tu.

Nimeahidi. Ulimi nimeufunga kamba. Ila niambie, shemeji ni mtu au ni yai? Haya, nimenyamaza.

Kivuko cha saa tatu asubuhi ndicho kizuri, cha mchana kinatapisha. Alhamisi mtapumzika na kuogelea. Ijumaa asubuhi kasa, jioni mnara. Jumamosi mechi, halafu Jumapili boti ya kioo na pango, Jumatatu mnarudi. Nitakuwa kazini kwenye kiti changu cha juu, lakini kutoka pale nawaona wote. Hakuna mtoto anayezama mimi nikiwa nimekaa pale. Miaka sita, hata mmoja.

Kwa mikono mirefu utaiva kama mkate. Shauri yako.

Mdogo wako


Aprili 15

Mdogo wangu,

Tumefika. Watoto hawaumwi. Sijui salamu nyingine ya kukupa.

Mume wangu yuko wodi ya mifupa. Mtulinga umevunjika mahali pawili. Meno matatu hayapo, mawili yanacheza. Anakula kwa mrija.

Siku mbili za kwanza zilikuwa nzuri, sikatai. Chiriku alimlisha kasa mpaka mlinzi akamwambia mnyama atapasuka. Juu ya mnara Kocha alimbeba Bonge mabegani, tukapigwa picha. Nilisema moyoni, kumbe na sisi tunaweza kuwa hivi.

Kisha ikaja Jumamosi. Mliwafunga wageni mabao manne kwa moja. Kocha aliruka kupiga kichwa, akakosa, akaanguka kifudifudi, akainuka mdomo umejaa mchanga. Chiriku akacheka. Ni mtoto. Baba yake akamshika mkono, akaenda naye majini kumfundisha kupiga mbizi. Ndipo ukaja wewe mbio kama mwendawazimu na lile kasia, ukampiga mtu mbele ya wanawe, mbele ya watoto wa watu waliokuwa wanajenga nyumba za mchanga.

Kabla ya kupanda kivuko niliandikisha maelezo polisi. Nimesema baba alikuwa anacheza na mtoto wake. Nimesema mume wangu hajawahi kuninyanyulia mkono, si mimi wala watoto. Askari alinisomea, nikatia saini.

Kocha anasema kuanzia leo hana shemeji. Usiandike.

Dada yako


Aprili 23

Dada,

Shikamoo. Umenikataza kuandika, naandika. Chiriku hajambo? Kifua hakikoromi akipumua? Maji ya chumvi yakikaa kwenye mapafu yanaleta homa baada ya siku kadhaa. Mpeleke akapimwe. Hilo kwanza, hata kama mengine hutayasoma.

Sasa nikueleze nilichokiona kutoka juu.

Niliwaona wakiingia. Maji yalikuwa magotini kwa shemeji. Aliweka mkono kwenye kisogo cha mtoto, akamwinamisha. Sikushtuka, wazazi wengi hufanya hivyo. Lakini kazi yangu ni kuhesabu, kwa hiyo nikahesabu. Kumi. Mtoto anayecheza huinuka kwenye tano, anapiga kelele, anapenga kamasi. Kumi na tano. Nikapiga filimbi. Shemeji akageuka, akanipungia mkono wa kushoto, anatabasamu. Wa kulia ulikuwa bado chini. Nikaruka.

Alimwinua nikiwa nusu ya njia. Chiriku alivuta pumzi moja, ile sauti naijua, haina mchezo ndani yake. Nikamsikia shemeji anamwambia, taratibu kabisa kama mtu anayefundisha hesabu: "Cheka sasa." Akamzamisha tena.

Kasia lilikuwa juu ya mtumbwi wa plastiki pale mchangani. Sikulichagua, lilikuwa karibu. Nilimpiga begani, nikasikia mfupa unalia kama kuni kavu. Akamwachia. Nikamsukuma mtoto nyuma yangu. Shemeji alipiga magoti majini ameshika bega, amekwisha, hana la kunifanya. Nikampiga tena. Mdomoni. Damu ikaenea kwenye maji mpaka ikafika kwenye magoti ya mtoto.

Polisi wameniuliza kwa nini nilipiga mara mbili. Sikuwadanganya, na wewe sitakudanganya. Pigo la kwanza lilikuwa la kazi. La pili lilikuwa langu. Kwa sababu ulipomkimbilia mumeo mikono ya vazi lako ilipanda, nikaona. Ile si ngozi isiyopatana na jua, dada. Ile ni pasi. Ncha yake imekaa pale kama muhuri, na si mmoja.

Njoo na watoto. Chumba cha nyuma bado kipo.

Mdogo wako


Juni 19

Dada,

Shikamoo. Barua tatu nimeandika, sijapata hata jibu moja. Naomba Mungu muwe wazima.

Kesi yangu imekwisha. Hakimu alisoma maelezo yako, kisha akanitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyeng'ata mgeni. Meneja alijitahidi kunitetea, lakini watalii waliokuwepo walikwisha kwenda kwao na wengine walisema hawakuona mwanzo. Wote waliona mwisho. Nimepewa miezi sita ya kazi za jamii, na cheti changu cha uokoaji kimechukuliwa. Kiti cha juu amekaa mwingine.

Nimepangiwa bwawa la kasa. Nasugua ukoga wa kijani ukutani kwa brashi, nabadilisha maji. Kuna mmoja mkubwa ameshajua harufu yangu, ananing'ata visigino. Watoto wa wageni wanadhani ni mchezo, wanapiga makofi.

Sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia kwa sababu ukinyamaza nakosa usingizi. Niandikie hata neno moja. Andika tu "tupo".

Mdogo wako


Septemba 4

Mdogo wangu,

Salamu kutoka mahabusu ya wanawake. Mimi mzima. Karatasi nimepewa na askari mmoja mwenye huruma, kalamu natumia kwa zamu, kwa hiyo nikikatika usishangae.

Kocha amekufa. Nimemuua mimi.

Nikueleze kwa mpangilio, maana huku kila mtu ananiuliza vipandevipande.

Barua zako zote nilizipata. Nilizisoma nikazichoma jikoni. Tangu ulipomvunja mtulinga, mkono wake wa kulia haukupanda tena juu ya bega. Shuleni akawa hawezi hata kurusha mpira, wanafunzi wakaanza kumwiga kwa siri. Kila aliyemwiga, nilipigwa mimi. Akajifunza mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto hauna mazoea, mdogo wangu, haujui pa kukwepa. Mwezi wa sita alinivunja kidole. Mwezi wa saba alinipiga teke nikiwa nimekaa kwenye cherehani, nikaanguka nayo, sindano ikanipita kiganjani. Siku zile nilikuchukia. Nilisema, yeye kapiga mara mbili akapumzika, mimi ndiye ninayerudishiwa.

Ilikuwa Jumapili, saa saba mchana. Nilikuwa uani nimetandika kitambaa cha sare juu ya meza, nakata. Kocha alikuwa kwenye kiti anasikiliza mpira redioni. Akamwita Chiriku alete maji. Mtoto akaja na kikombe, akajikwaa, maji yakamwagikia redio. Ikakoroma, ikazima.

Hakupiga kelele. Aliinuka, akamshika kisogoni kwa mkono wa kushoto, akaenda naye kwenye pipa la maji ya mvua. Chiriku hakulia. Hilo ndilo lililoniua mimi kwanza. Alivuta pumzi nyingi, akaibana, kama mtu anayejua anakokwenda.

Akamwinamisha mpaka mabegani. Miguu ya mtoto ikaacha ardhi.

Nilikuwa na mkasi mkononi, ule mkubwa wa kukatia. Sikufikiri. Nilimchoma mgongoni, chini ya bega. Akageuka, bado amemshika mtoto. Nikamchoma shingoni. Akamwachia. Alinitazama kwa mshangao, kama nimempa jibu la swali ambalo hakuuliza. Akaja kwangu hatua mbili, akanishika koo, mkono ukiwa umelowa maji na damu, akaniangusha juu ya meza. Nilichoma tena, sijui wapi, sijui mara ngapi. Daktari anasema saba. Alifia juu ya kitambaa cha sare za watoto wa watu.

Chiriku na Bonge wako kwa jirani yangu muuza mkaa. Njoo uwachukue. Ndugu za Kocha walikuja wakavunja mlango, wakamtafuta Chiriku, wanasema ndiye chanzo. Muuza mkaa alisimama mlangoni na koleo, akawaambia wa kwanza kuingia atazikwa siku moja na ndugu yao. Wameondoka, lakini watarudi.

Wakili niliyepewa ameniambia jambo. Mwendesha mashtaka amepata maelezo yangu ya kule kisiwani. Yale ya kwamba hajawahi kuninyanyulia mkono. Yana saini yangu.

Njoo haraka.

Dada yako


Novemba 22

Dada yangu,

Shikamoo. Watoto wazima, na mimi mzima. Nilikuandikia Septemba kwamba nimewachukua, sijui kama walikupa. Tuliondoka kwa muuza mkaa alfajiri, tumejificha kwenye lori lake katikati ya magunia. Tulipofika kivukoni tulikuwa weusi wote watatu, mkata tiketi akauliza kama tunatoka kuchimba au kuiba. Kabla ya kuwachukua nilikuja gerezani wakanikatalia, wakasema mpaka upelelezi uishe.

Bonge ameshazoea. Anaita kila mtu "bosi". Analala usiku kucha na ile feni haimtishi.

Chiriku haongei. Nisikufiche. Tangu tufike hakusema neno. Anaamka, anakunja shuka, anakuja nami bwawani, anakaa ukingoni miguu ameikunja isiguse maji. Nikinawa uso anageuka pembeni. Siku moja mgeni alimwagia mwenzake ndoo ya maji kwa mchezo, tukamkuta Chiriku chini ya meza ya mapokezi, amebana pumzi mpaka midomo imebadilika rangi. Nilimkumbatia, nikamwambia pumua, pumua mama, pumua, mpaka akapumua.

Wiki iliyopita aliongea. Tulikuwa tunakata majani ya kasa. Akaniuliza hivi, bila kuinua macho: "Mama mdogo, siku ile ya mechi, mama alikuwa anatazama wapi?"

Nilimwambia sijui, nilikuwa nakutazama wewe tu. Akasema, "Haya." Hajaongea tena.

Sijui nimjibu nini, dada. Nakuuliza wewe.

Nitakuja kutoa ushahidi. Wakili amesema watanichana kwa sababu nina hatia yangu mwenyewe. Waache wanichane. Nitasema juu ya pasi.

Mdogo wako


Mei 17

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Mimi sijambo. Kidole kilichovunjika kimeunga kikiwa kimepinda, lakini bado kinashika sindano. Wamenipa chumba cha ushonaji, nawafundisha wafungwa wenzangu kukata.

Hukumu ilisomwa Jumanne, wewe ulikwisha kurudi kwa watoto. Kuua bila kukusudia, miaka mitano. Wakili amenishika mkono, amesema nimshukuru Mungu na nikushukuru wewe. Mwendesha mashtaka alikuita mjambazi wa kasia na ukamjibu, "Ndiyo, kwa leo." Watu walicheka mpaka hakimu akagonga meza. Asante. Asante kwa kuja, kwa kusimama pale umenyoosha shingo na kunionyesha kwa kidole: pasi ilikaa hapa, na hapa, na hapa.

Ulipotoka nje ilikuwa zamu yangu. Mwendesha mashtaka alinipa yale maelezo ya kisiwani nisome kwa sauti. Nikasoma. Akaniuliza, "Mama, ulidanganya siku ile au unadanganya leo?" Nikasema siku ile. Akauliza, "Kwa hiyo hukuona mumeo akimzamisha mtoto ufukweni?" Wakili wangu alikuwa ameniambia nijibu kwamba nilikuwa mbali. Nikajibu kwamba nilikuwa mbali. Ikaandikwa.

Barua yako ya Novemba nimekaa nayo miezi sita. Nimeisoma mpaka mikunjo imekatika. Kila nikishika kalamu nilikuwa naanza, "Mwambie nilikuwa namfuta Bonge mchanga." Na ni kweli nilikuwa namfuta. Nilikuwa nimechuchumaa pale karibu na mtumbwi, kitambaa mkononi.

Kasia ulilolichukua, mdogo wangu, lilikuwa karibu na mimi kuliko wewe. Ulinipita ukilifuata. Hukunitazama, ndiyo maana hukujua.

Niliwaona wanaingia. Nilimwona anamwinamisha. Ulipopiga filimbi nilikuwa nimeshajua, maana mimi pia nilikuwa nahesabu. Nilihesabu mpaka ishirini na mbili. Nikajiambia akifika thelathini nitainuka. Nikaendelea kumfuta Bonge mguu ambao haukuwa na mchanga tena. Nilikuwa naogopa tukirudi chumbani. Mtoto wangu alikuwa chini ya maji, nami nilikuwa naogopa chumbani.

Sijamwambia hakimu. Sijamwambia wakili. Nakuambia wewe, na bado wewe siye mwenye haki ya kwanza ya kulisikia.

Ndugu wanaruhusiwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nne mpaka saa tano. Kuna meza na benchi mbili, hakuna kioo katikati. Mlete Chiriku. Bonge mwache na meneja, siku hiyo hatafaa. Usimwandae kwa lolote, wala usimwambie nilichoandika hapa. Mwambie tu kwamba mama amepata swali lake.

Akinikasirikia mpaka akaondoka kabla ya saa kwisha, usimzuie. Mfungulie mlango aende. Wewe mfuate, mimi usinigeukie.

Dada yako